Mgeni wa Nani

Tulipomzika Mwalimu Luhende mwezi uliopita, kijana mmoja aliyeshika kipaza sauti alinitambulisha kwa waombolezaji kuwa ndiye niliyeandika habari ya kifo cha Nyanzobe. Alisema habari hiyo walifundishwa chuoni kama mfano wa ujasiri, na kwamba marehemu alikuwa na jicho la kumtambua mwandishi tangu akiwa binti mpiga chapa tu. Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu zake, nikanyamaza. Nakaribia miaka sitini, nina wajukuu, magoti yananiuma, na bado nilinyamaza pale kama nilivyonyamaza miaka yote thelathini. Baadaye, tukiwa kwenye wali wa msiba, kijana yule akaja na sahani yake akakaa karibu nami. Anafanya kazi kwenye redio moja ya hapa mjini. Akaniambia wanao wenzao wawili, msichana kutoka Burundi na kijana kutoka Kongo, kazi wanaijua kuliko wengi, lakini hawana vibali, hivyo wanaandika na wengine wanasoma. Alitaka niende nikaongee na wakubwa wake, maana, mama, neno lako linasikika. Nikamwuliza jina linalotajwa mwisho wa taarifa ni la nani. Akacheka kidogo, akasema ni la anayesoma. Sikuweza kumaliza wali wangu.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule uliotangulia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Bariadi ilikuwa bado ndani ya Shinyanga, na mtu angekutajia mkoa wa Simiyu ungemwuliza ameuota wapi. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Pamba, ambayo tangu nizaliwe ilinunuliwa na ushirika peke yake, ilianza kufuatwa na watu binafsi waliokuja na malori mapya na maneno matamu. Mitumba ilimwagwa chini sokoni, na watu waliokuwa na shati moja sasa walikuwa na matatu na hawana kazi. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya chama cha ushirika. Tukapunguzwa kazini, tukapewa mkono wa kwaheri na hotuba. Ndipo Mwalimu Luhende aliponiita. Alikuwa amestaafu ualimu, ana kifua kibovu na mdomo usiochoka, na alikuwa ameamua kwamba kama watu wa Dar es Salaam wameruhusiwa kuanzisha magazeti, basi hata sisi wa huku kwenye vumbi tumeruhusiwa. Gazeti lake aliliita Kengele. Lilikuwa kurasa nne za kudurufu, linatoka kila baada ya wiki mbili, likiuzwa Bariadi na Maswa, na mengine yakipelekwa Nyashimo, ambako abiria wa mabasi ya Mwanza na Musoma waliyanunua ili wapate kitu cha kujipepea na kusoma.

Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la khanga la Bwana Shabani. Kati yetu na duka palikuwa na ukuta wa mbao, mbao zenyewe zimekauka zikaachana, hivyo tulisikia kila kilichosemwa upande wa pili, kuanzia bei ya doti mpaka nani kamwacha nani. Chumba kilinuka wino, mafuta ya taa na khanga mpya. Palikuwa na meza mbili, mashine moja ya kupiga chapa ambayo herufi yake ya k ilipenda kukwama, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, na kwenye kona jiko la mkaa. Kazi yangu ilikuwa kuchapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo ukikosea umekosea, na kuzungusha mpini mpaka mkono ufe ganzi. Sikuwa mwandishi. Hili naomba lieleweke tangu mwanzo. Nilikuwa binti mwenye vidole vyepesi na kiburi kidogo cha kujua kusoma.

Evaristi alikuja mwanzoni mwa mwaka huo, na barua ya padri mmoja wa Kigoma aliyesoma na Mwalimu. Alikuwa Mrundi, mtu wa kama miaka thelathini na mitano, mrefu, amevaa koti ambalo lilikuwa zuri wakati fulani. Kwao Bujumbura alikuwa akisoma habari redioni, mpaka mauaji yalipoanza na wenzake wawili wakafuatwa nyumbani. Alipita kambini, akatoka kambini bila ruhusa. Sheria ilikuwa wazi: mkimbizi hakai nje ya kambi bila kibali. Mwalimu akaandika barua ya kuomba kibali, akaisindikiza na nyingine, akaniambia mimi nizichape vizuri, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kusubiri. Wakati tunasubiri, jina la Evaristi halikuweza kuonekana gazetini. Mwalimu akaamua kwamba habari zake zitoke kwa jina langu, maana la kwake mwenyewe lilikuwa tayari limejaa kurasa, na msomaji angedhani gazeti zima ni mtu mmoja anayeongea. Akaniuliza kama nina neno. Ningekuwa na neno gani? Siku gazeti la kwanza lilipotoka limeandikwa Na Kabula Masanja, nilibeba nakala moja ndani ya mkoba wangu wiki nzima.

Niseme jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu sijaona mwingine. Sisi wenyeji tulikuwa na mambo tuliyokwisha kuyazoea hata hatuyaoni. Yeye aliuliza. Kwa nini wanaume wa mnadani wanasimama upande huu na wanawake upande ule? Kwa nini mzee yule hatajwi jina lake na wakwe zake? Aliuliza bila kuchoka na bila kucheka, anaandika kwenye daftari la shule lenye mistari mipana. Mwalimu alikuwa akisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kweli gazeti lilipona. Mchana Evaristi alipika maharage kwenye lile jiko la kona, akiyaunga kwa mafuta ya pamba na kulalamika kwamba mafuta ya mawese ya kwao ndiyo mafuta. Mimi nilileta matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na yeye alivila kwa heshima tu, nilimwona. Nilimtania kwamba Mrundi na maharage wanakufa pamoja. Alinijibu kwamba Msukuma na ugali wamekwisha kufa zamani, wanasubiri kuzikwa. Tulicheka sana katika chumba kile. Halafu upande wa pili wa mbao tulikuwa tukisikia mteja akimsomea Bwana Shabani habari ya Evaristi kwa sauti, na kusema huyu Kabula ana kichwa, huyu binti atafika mbali. Evaristi aliacha kula akasikiliza mpaka mwisho. Siku moja tu alimwuliza Mwalimu, kwa upole, kibali kikija kama wanaweza kuchapa hata habari moja ya nyuma kwa jina lake. Mwalimu akamwambia zote. Akaapa kabisa.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, bibi mmoja jina lake Nyanzobe aliuawa kwa panga kijijini kwetu, upande wa Shishiyu. Kwa nini aliuawa kila mtu alijua na hakuna aliyesema: alikuwa mjane, alikuwa na ng'ombe kadhaa, na macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu macho mekundu ya bibi ni maneno ya uchawi, na maneno yakikomaa wanatafutwa watu wa kuyamaliza. Polisi walikuja, wakaambiwa ni watu wasiojulikana, wakaondoka. Mwalimu akataka habari, na kwa kuwa mama yangu alikuwa akiishi kijiji hicho hicho, mimi ndiye niliyempeleka Evaristi. Tulikwenda kwa lori la mbegu tukakaa siku mbili kwa mama. Mama alitupikia ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akatia maziwa, na Evaristi alikula mpaka mama akafurahi. Asubuhi ya siku ya pili nilikwenda kumwamkia mjomba wangu Ngasa, nikakaa huko kitambo, nikamwacha mgeni jikoni na mama, wakiongea kwa kile Kiswahili cha mama cha kuokoteza. Niliporudi niliwakuta wote wawili wanafuta machozi ya moshi.

Mchana huo tulikwenda kwa marehemu. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Evaristi alisimama akatazama nyumba za jirani, akapima kwa hatua. Kisha akaniomba nisimame mlangoni pa Nyanzobe nisalimie, kwa sauti yangu ya kawaida tu. Nilidhani anataka nifungue njia ya mazungumzo, kama ilivyo desturi. Nikasalimia, Mwadila. Ikajibiwa Mwadila kutoka nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mzee wa nyumba ya nne, aliye mbali zaidi, akaongeza mhola, akiuliza kama ni salama, nami nikamjibu mhola duhu, salama tu. Walitoka, wakatuletea vigoda, wakatupatia maziwa ya mgando. Evaristi alikuwa akiandika. Kwetu usiku wa hatari mtu hupiga mwano, yowe la kuomba msaada, na kila mwanamume akilisikia lazima atoke na silaha yake. Asiyetoka ni mwenye kosa sawa na mwizi. Evaristi aliwauliza wale wazee kama usiku ule walisikia mwano. Wote wanne wakasema hawakusikia kitu.

Habari aliyoandika ilikuwa fupi. Haikumwita mtu muuaji. Ilisema tu kwamba mwandishi alisimama mlangoni pa marehemu akasalimia kwa sauti ya kawaida, na nyumba nne zikaitikia, ya nani, ya nani, ya nani na ya nani, kwa majina; na kwamba marehemu, kwa majeraha ya mikononi waliyoyaona waliomwosha, hakufa upesi. Basi. Hapo iliishia. Nilipofika mwisho wa kuichapa nilirudi juu, kwenye yale majina manne. Evaristi hakuwa wa kwetu, asingeweza kujua. Kwake salamu ilikuwa kipimo cha umbali. Mimi nilijua kwamba salamu kwetu ni kama kumkabidhi mtu mlango wa nyumba yako. Ukiitikiwa umepokelewa, na aliyekupokea huwezi kumgeuka kwa kitu kilekile alichokupokelea. Nilijua pia hao wazee watafanya nini. Stensili ilikuwa bado ndani ya mashine. Ningemwambia, kaka Evaristi, toa majina, sema nyumba za jirani, angetoa. Alikuwa mtu wa kusikia. Sikumwambia. Naweza kusingizia Mwalimu alikuwa na haraka, na ni kweli alikuwa na haraka. Lakini ukweli ni kwamba niliisoma, nikaona ni nzuri mno, na juu yake pameandikwa jina langu, tena ukurasa wa kwanza. Nilitaka itoke vilevile.

Ilitoka. Mwalimu alidurufu mara mbili, na zote zikaisha. Kutoka Nyashimo walituma mtu kuomba nyingine. Upande wa pili wa mbao Bwana Shabani alisomewa habari hiyo mara tatu. Siku ya tisa mjomba Ngasa alifika ofisini kwa baiskeli, shati limelowa mgongoni, akakataa kukaa. Alisema wameitisha dagashida, lile baraza la jadi la wanaume wa kijiji chote, na ninaitwa. Nikamwambia mimi ni mwanamke, nitaingiaje dagashida. Akasema ndiyo ujue lilivyo zito. Nisipokwenda, mama atatengwa. Mtu akitengwa kwetu haazimwi moto, hasindikizwi kisimani, hasalimiwi, na akifa hachimbiwi. Mama alikuwa mjane. Alikuwa amepikia kuni mbaya maisha yake yote, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Nyanzobe. Mama kama yule akikaa mwezi mmoja bila kusalimiwa, maneno yanaanza yenyewe.

Walikutana kwenye uwanja karibu na lambo, mahali ng'ombe wanaponyweshwa, na harufu ya tope na mikojo ya ng'ombe ninaisikia mpaka leo nikipita penye mifugo. Wanaume walikuwa wengi, wamekaa chini na fimbo zao, wametulia kabisa. Afadhali wangepiga kelele. Mzee wa nyumba ya nne, yule aliyeniuliza kama ni salama, alisimama. Aliongea Kisukuma polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, akasema mimi ni mtoto wao, nililelewa katika maziwa yao, nilisimama mahali penye msiba nikawasalimia nao wakaniitikia, na itikio lao nimelipeleka Nyashimo likauzwe. Akauliza kama wasingeitikia ningewaandika vipi. Mzee yule hakuwa amempiga mtu panga, hilo naliamini, lakini alisikia yowe la jirani yake akabaki kitandani, na sasa wajukuu wake walilijua. Alikuwa na aibu, na aibu ya mzee ni kitu kibaya kukikaribia.

Kiongozi wa baraza akaniuliza kama maneno yale niliandika mimi. Nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Kulikuwa na majibu mawili, yote ya kweli nusunusu. Nikasema sikuandika mimi, nilitoa jina tu, ameandika mtu wa gazeti, Mrundi. Ukapita mnong'ono. Kiongozi akangoja uishe. Kwetu mgeni hana kosa lake mwenyewe. Akivunja kitu, aliyemkaribisha ndiye anayelipa, na aliyemkaribisha ndiye anayesimama naye. Kwa hiyo swali lililofuata lilikuwa lile ambalo kila mmoja pale alilingoja.

"Huyo Mrundi ni mgeni wa nani?"

Mjomba Ngasa aliniangalia. Sikumwona mama, wanawake hawakuwepo, lakini nilijua amekaa jikoni kwake anasubiri kusikia kama kesho atasalimiwa. Evaristi alikula kwake, alilala kwenye kitanda changu mimi nikalala na mama, nilimleta kwa miguu yangu.

"Simjui kwao," nikasema. "Si mgeni wangu."

Wakakubali upesi, na upesi huo ndio unaonitisha nikiukumbuka. Hata wao walitaka kosa litoke kwa mtu wa mbali. Mjomba akatozwa dume moja la ng'ombe la kuliwa na kijiji, mama akaachwa na amani yake, kwa sharti kwamba ukoo wetu hauna kitu na mtu yule. Niliondoka nimefarijika. Ndiyo, nilifarijika, mtu anaweza kufanya jambo baya na njiani akaimba kimoyomoyo. Wiki haikuisha, polisi wakaja kwenye duka la Bwana Shabani wakiuliza Mrundi anayekaa bila kibali. Nani aliwaambia sijui. Mtu yeyote aliyekuwa lamboni angeweza.

Ofisa aliyemshughulikia hakuwa mtu mbaya, na ninamtaja kwa sababu miaka mingi nilijaribu kumfanya awe mbaya kichwani mwangu. Alikuwa amesoma habari ile. Alisema barua ya kuomba kibali ameiona, ipo safarini, majibu yanaweza kuchukua miezi, na yeye anaweza kumwacha Evaristi asubiri mjini badala ya kumrudisha, ikiwa wenyeji wawili wataandika kwamba ni mgeni wao na watamjibia. Wawili tu. Mwalimu aliandika palepale, anakohoa, karibu atoboe karatasi. Wa pili tukamwendea Bwana Shabani. Babu yake alikuja Tabora kutoka Kongo akiwa amebeba mizigo ya watu, na kila uchaguzi ukikaribia kulikuwa na mtu wa kumkumbusha. Alikunja khanga aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena. Alituambia wakianza kuhesabu wageni wataanza na yeye, akaomba asamehewe. Sikumlaumu, na sina haki.

Tukarudi kituoni, na Mwalimu akanitazama. Karatasi ilikuwa juu ya kaunta, jina lake limeandikwa mstari wa kwanza, mstari wa pili mtupu, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Kwa miezi yote ile jina langu lilikuwa limewekwa juu ya kazi za mtu yule, na mara zote nililipenda pale lilipokaa. Nilimwambia Mwalimu siwezi, kwa sababu ya mama. Nikamweleza sharti la baraza. Yote yalikuwa kweli na Mwalimu alijua ni kweli. Akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye benchi la kituo akionekana mzee ghafla. Nimejiuliza mara ngapi kama kijijini wangejua. Karatasi ya polisi Bariadi, nani angeipeleka Shishiyu? Labda wangejua. Labda wasingejua kamwe. Sikungoja kupima.

Walimtoa asubuhi ya pili kumpeleka Shinyanga, na kutoka huko kambini, ndivyo walivyosema. Nilimpelekea maharage kwenye bakuli la bati, niliyoyapika mimi, yameungua kidogo. Alikula amesimama karibu na gari, na koti lake mkononi. Aliniuliza mama hajambo, na kama mjomba alipata dume la kulipa. Kwa hiyo alikuwa anajua kila kitu. Nilianza kulia, naye akasubiri nimalize, maana alikuwa mtu wa kusubiri.

"Dada Kabula," akasema, "kuna habari moja nimeacha mu droo ya meza. Imekwisha. Itie jina lako, itoke."

Baada ya hapo sikumwona tena. Mwalimu aliandika kambini, akajibiwa kwamba mtu wa jina hilo alivuka kurudi kwao. Miaka ya baadaye, nilipokuwa na simu ofisini na marafiki kwenye magazeti makubwa, niliulizia Bujumbura, na mmoja akaniambia aliwahi kumsikia, mwingine akasema ni mwingine huyo. Kengele lilikufa baada ya uchaguzi, kama magazeti mengi ya wakati ule. Mimi sikufa. Habari ya Nyanzobe ilinipeleka Mwanza, na Mwanza ikanipeleka mbele zaidi, nikawa mwandishi kweli kwa kujifunza kuuliza kama alivyouliza yeye. Mama aliishi miaka kumi na mmoja mingine, akafa kitandani kwake akiwa na majirani chumba tele. Watu huniambia kuwa basi nilichagua vizuri. Wanaoniambia hivyo ni wale niliowaeleza kipande tu.

Lakini nilikuwa nasema juu ya droo. Siku ile ile walipomchukua nilirudi ofisini, Mwalimu hakuwepo, nikaifungua. Zilikuwa kurasa tatu za daftari lile la shule. Ilikuwa habari ya macho ya mama yangu. Kumbe asubuhi ile niliyokuwa kwa mjomba alimwuliza swali ambalo mimi, niliyekulia katika jiko lile, sikuwahi kumwuliza: macho yalianza lini kuwa mekundu. Na mama akamweleza, jinsi miti ilivyokwisha ukakatwa hata mgunga wa mwisho, wakahamia mabua ya pamba, na mabua yakiisha ni kinyesi cha ng'ombe, na moshi wake unavyouma, na jinsi bibi wote wa kijiji wanavyozeeka macho kwa namna hiyohiyo, halafu wana waliowapikia wanawaita wachawi. Iliandikwa kana kwamba mtoto wake ndiye anayesimulia. Alikuwa amekwisha kuiandaa kwa jina langu.

Niliweka stensili nikaanza kuchapa. Kila kitu kilikaa sawa mpaka ukurasa wa tatu, mahali pekee ambapo alikuwa amejisahau akaandika yaliyompata yeye. Mama alimwuliza kama mama yake yu hai. Akajibu hajui, tangu atoke hajapata habari. Mama akachochea moto, kisha akamwambia, na Evaristi aliyaandika maneno yake kama yalivyo: mwanangu, hapa kijijini watakuuliza wewe ni mgeni wa nani, waambie ni wa kwangu.

Nilizisoma sentensi hizo mara mbili. Zisingeweza kutoka kwa jina langu. Nikaziruka, nikaendelea kuchapa, na Jumamosi gazeti likatoka.